Mwamba wa Agawa na waliovuka salama

Shuleni Bukoba tulikariri kwamba Ziwa Viktoria ni la pili kwa ukubwa duniani kati ya maziwa ya maji baridi, na la kwanza ni Superior. Leo naishi Sault Ste. Marie, Kanada, jirani kabisa na hilo la kwanza. Lina kilomita za mraba 82,100, letu 68,800. Lakini kinachonitia hofu ni kina chake. Letu ni mita 80 na kitu pale penye kina kirefu kabisa. Hili linashuka hadi 406, na hata Julai maji yake yanauma.

Waojibwe, wenyeji wake, huliita Gichigami, yaani maji makuu.

Mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka hapa kuna Mwamba wa Agawa, jabali la ukingoni mwa ziwa lenye michoro ya kale ya Waojibwe. Mara ya kwanza tulikuta njia imefungwa, mawimbi yanapiga pale pale pa kusimama. Tulirudi Agosti, ziwa limetulia. Unateremka katikati ya nyufa za majabali, kisha unatoka kwenye ukingo mwembamba wa jiwe ulioinamia majini, mkono umeshika mnyororo. Michoro iko usawa wa macho, kwa udongo mwekundu wenye chuma. Kuna mitumbwi, kuna nyoka, na kuna Mishipeshu mwenyewe, chui wa majini mwenye pembe na miiba mgongoni. Akipiga mkia, dhoruba inainuka.

Chingwauk, kiongozi wa Waojibwe, alimsimulia mtafiti Mmarekani Henry Schoolcraft habari ya michoro hii, naye akaichapisha mwaka 1851. Shujaa Myeengun aliongoza mitumbwi kuvuka ziwa, na ile mitumbwi mitano iliyochorwa ni kumbukumbu ya safari hiyo. Walivuka salama. Wakachora.

Nilisimama pale muda mrefu. Bibi yangu alikuwa akimtaja Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesikilizwa. Na mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza. Mji wetu wote ulikuwa na matanga. Tangu siku ile mama hajapanda meli. Akienda Mwanza huzunguka kwa basi. Hili la huku nalo lilimeza meli ya Edmund Fitzgerald mwaka 1975, watu 29, na hakuna mwili uliotolewa majini. Kwa hiyo sihitaji kuelezwa kwa nini mtu akifika ng'ambo atafute jiwe la kuweka shukrani yake.

Kwenye ufa mmoja palikuwa na tumbaku kidogo ya sadaka, mtu ameiweka siku hiyo hiyo. Sikuigusa.

Jioni nilimpigia mama, nikamsimulia yote. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mlipanda boti, mwanangu?"

"Hapana, mama. Tulikwenda kwa miguu."