Kustaafu Dordogne: karatasi kwanza, nyumba baadaye

Mkenya au Mtanzania aliyemaliza miaka yake ya kazi Uingereza, akitamani kuzeekea kijijini Dordogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kwa kawaida huanza kutazama picha za nyumba za mawe. Aanze na pasipoti. Ukaazi wa kudumu wa Uingereza hufutika ukikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo, kwa hiyo anayehama bila uraia wa Uingereza anajifungia mlango wa kurudi. Mkenya ameruhusiwa uraia pacha tangu katiba ya 2010. Mtanzania hana bahati hiyo: akichukua wa Uingereza, wa kwao unaondoka. Hilo lizungumzwe na familia mapema, si wiki ya kufunga mizigo.

Pensheni ya serikali ya Uingereza hupandishwa kila Aprili kwa anayeishi huko au katika nchi za Umoja wa Ulaya. Ukienda nayo Mombasa au Moshi inaganda palepale, miaka nenda miaka rudi. Tena mpokeaji anayehamia Ufaransa huomba fomu S1 kutoka NHS Business Services Authority, ofisi ya huduma ya afya ya Uingereza. Kwa fomu hiyo Uingereza ndiyo inayobeba gharama za matibabu yake. Anaisajili CPAM, ofisi ya bima ya afya ya huko. Bima ya umma hurudisha takriban 70% ya ada ya daktari wa kawaida, ndiyo maana wengi huongeza bima ya ziada iitwayo mutuelle. Aliyestaafu kabla ya umri wa pensheni hana S1, hivyo anunue bima binafsi ya mwaka wa kwanza. Kabla ya kusaini chochote, uliza ofisi ya meya kama daktari wa karibu bado anapokea wagonjwa wapya. Vijijini wengi wameshajaza orodha zao.

Visa ni ile ya muda mrefu ya mgeni asiyefanya kazi. Huombwa ukiwa bado Uingereza, si mapema kuliko miezi 3 kabla ya safari. Ukiingia kama mtalii ukitumaini kubadilisha hukohuko, umepoteza nauli. Wafaransa wanataka kuona kipato kinachokaribia mshahara wa chini wa Ufaransa, pamoja na ahadi ya maandishi kwamba hutafanya kazi. Ukifika, ithibitishe visa hiyo mtandaoni ndani ya miezi 3.

Sasa nyumba. Vijijini nyingi hazina bomba la maji taka, zina tangi lake uani. Muuzaji lazima atoe ripoti ya SPANC, wakaguzi wa matangi hayo, isiyozidi miaka 3. Ikisema tangi halikidhi masharti, mnunuzi ana mwaka 1 tangu kununua kulirekebisha, na hapo maelfu ya euro huenda. Punguza kiasi hicho kwenye bei mapema. Soma pia ripoti ya mchwa, maana boma la paa la nyumba kuukuu ni mbao tupu. Ukishasaini mkataba wa awali una siku 10 za kughairi bila adhabu. Gharama za notaire, anayesimamia uuzaji na hati, ni kama 7 hadi 8% juu ya bei ya nyumba ya zamani.

Nenda ukaione Januari. Julai Sarlat, mji wa watalii wa Dordogne, imejaa watu na kila mgahawa uko wazi. Januari mingi imefungwa, na kuta nene za mawe zinatoa unyevu. Kuni huuzwa kwa stère, yaani mita 1 ya ujazo ya magogo ya mita 1. Yakikatwa vipande vya sentimita 50 hupangika vizuri zaidi na kushuka hadi kama mita 0.8 ya ujazo, kwa hiyo usimgombeze muuzaji. Mwaloni ukaushwe miaka 2. Mbichi hutoa moshi mwingi na kupaka bomba la moshi lami inayoshika moto. Bomba lisafishwe na fundi kila mwaka, na cheti chake kitunze: nyumba ikiungua, kampuni ya bima itakiulizia.