"Wewe funga tu, fundi": siku yangu moja Kariakoo

Saa kumi na moja alfajiri naamka Kimara. Saa moja nashuka Gerezani, nimesimama njia nzima. Saa mbili kibanda changu cha kutengeneza laptopu kiko wazi: meza, taa, feni, na trei ya mayai ya kupangia skrubu. Msiicheke hiyo trei. Skrubu ndefu ukiirudisha kwenye tundu la fupi, inaweza kuchomoza upande wa kibodi, na hapo umenunua kesi.

Mpaka saa nne nimebadilisha kibodi mbili, nimesafisha feni moja iliyojaa manyoya ya paka, na nimempokea binti wa chuo anayesema waifai yake imekufa. Nikabonyeza kitufe chenye picha ya ndege ya abiria, kile kinachozima na kuwasha waifai, ikafufuka. "Shilingi ngapi, kaka?" Nikamwambia aende tu, atarudi ikiharibika kweli. Mke wangu asisome hapa.

Saa nne na nusu akaingia mzee mmoja, shati limechomekwa vizuri, laptopu kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Waifai ya mashine hii ikipata joto inapotea. Kadi mpya nimeshanunua mwenyewe, wewe funga tu. Dakika tano, siyo?"

Kadi ya waifai ya laptopu kwa kawaida ni kijibao cha milimita 22 kwa 30: skrubu moja, nyaya mbili za antena, nyeusi na nyeupe. Ukiiona unaelewa kwa nini kila mtu anadhani ni kazi ya dakika tano.

Kadi aliyoleta ni Intel AX201. Mashine ni ya AMD Ryzen, yaani prosesa yake si ya Intel. Nikamwambia haitakubali.

"Lakini inaingia?"

Inaingia, na ndiyo inayowaponza watu. Tundu lile lile, mkato ule ule. Ila AX201 ni nusu ya kadi. Nusu nyingine ya kazi yake imo kwenye chipu za Intel zilizo ndani ya mashine yenyewe. Kuifunga kwenye AMD ni kununua upande mmoja wa mkasi. Alitakiwa anunue AX200. Tofauti tarakimu moja.

"Wewe funga tu tuone."

Nikafunga. Skrubu kumi chini, mfuniko, nikachomoa betri kwanza, kadi ya zamani nje, mpya ndani. Nikawasha. Mashine haikuona kitu, hata bluututhi.

"Umeiunguza."

Akampigia mpwa wake anayesoma kompyuta chuoni, akaweka spika, na mtaa mzima ukasikia kijana akisema huenda fundi hajaweka draiva, ile programu ya kuendesha kadi. Nikajibu kwamba draiva ni ya kitu kinachoonekana, hiki hakionekani. Kijana akashauri tujaribu kuizima na kuiwasha. Tukaizima. Tukaiwasha. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri wakaaga.

Jirani yangu alikuwa amefungua mashine ya Intel ya kizazi cha 11. Nikamwomba, nikapachika kadi ya mzee mle, nikawasha mbele ya macho yake. Ikafanya kazi papo hapo, majina ya waifai za Kariakoo yakajipanga. Mzee akayatazama kwa muda.

"Sasa mbona hukuniambia mapema?"

Nikanywa maji.

AX200 ikapatikana duka la tatu kutoka kwangu, elfu thelathini na tano, baada ya mzee kubishana bei muda wa kutosha kupika maharage. Nilipoishika tu, umeme ukakatika. Feni kimya, joto la mchana likashuka kichwani kama blanketi, jenereta za jirani zikaanza kunguruma. Nikawasha tochi ya simu, nikaing'ata kwa meno.

Hapa ndipo pesa ya fundi inapotoka. Kichwa cha waya wa antena ni kidogo kuliko punje ya mchele. Unakikalisha sawasawa juu ya duara lake, unakandamiza kwa ukucha mpaka kigonge: tik. Ukikandamiza kimeegemea upande, umepinda pete yake, na mteja ataishia kupata waifai akiwa amekaa juu ya ruta. Mweusi ukaingia mara ya kwanza. Mweupe ukateleza mara tatu, jasho likinidondokea kwenye mkono. Mara ya nne nikaisikia ile tik kwa ukucha, maana masikioni kulikuwa na jenereta tu.

Ruta imezimika na umeme, kwa hiyo nikawasha hotspoti, nikatembea na simu mpaka kwenye ngazi za jengo la pili. Laptopu ikaendelea kushika.

"Ufundi elfu kumi na tano, mzee."

"Kwa kuchomeka vinyaya viwili?"

Akatoa elfu nane. Nikapokea, sikuwa na nguvu ya kubishana.

Wali maharage niliula umepoa, sijui saa ngapi. Baada ya hapo kuna kioo nilibadilisha, kuna mtu aliyetaka nywila ya mkewe nikamfukuza, umeme ulirudi, ukakatika tena. Magharibi nilifunga kibanda.

Nikiwa kwenye basi, namba ngeni ikapiga.

"Shikamoo, fundi. Ni mimi, yule mpwa wa mzee. Samahani kwa ya mchana. Eti, hapo kwako mnapokea wanafunzi wa fildi?"

Nikamwambia aje Jumamosi saa mbili, na bisibisi yake mwenyewe.