Dakika tano, kisha unarudia: nilivyowafunza wanafunzi wa uzamili kusimama mbele ya darasa

Nilipokabidhiwa kazi ya kuwaandaa wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa idara yetu waweze kuongoza semina za mwaka wa kwanza, niliwaandalia mihadhara. Wiki moja sauti na mikono, wiki nyingine kupanga somo, nyingine slaidi. Walisikiliza kwa adabu, wakaandika kila kitu. Muhula ulipokaribia kwisha nikaenda kukaa nyuma ya madarasa yao, na karibu kila niliyemtembelea nilimkuta anasoma slaidi neno kwa neno, ameugeukia ukuta. Iliniuma sana. Hawa ni watu wanaoyajua mambo yao kwa undani na wanayapenda, na vijana waliokaa mbele yao walikuwa na haki ya kuelewa.

Muhula uliofuata niliiweka kando ratiba yote. Nikarudi kwenye zoezi ambalo Dwight Allen na wenzake walilianzisha katika Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1960 kwa ajili ya walimu wanafunzi: somo fupi la dakika chache, wasikilizaji wachache, rekodi, maoni, halafu somo lilelile linafundishwa upya. Nikaunda kundi la watu sita. Kila mmoja dakika tano, simu iko kwenye stendi inarekodi, mimi nimekaa miongoni mwa wasikilizaji.

Mwanzoni niliacha sehemu ya kurudia kwa kuona muda hautoshi, na hapo nilikosea. Mtu anajitazama kwenye rekodi, anayaona makosa yake, kisha anaondoka nayo moyoni mpaka wiki ijayo. Wawili walianza kutafuta udhuru wa kutokuja. Nilipoanza kuwapa nafasi ya kurudia siku hiyohiyo, robo saa tu baada ya maoni, mambo yalibadilika. Mara ya pili karibu kila mtu huwa bora, na yeye mwenyewe anahisi hivyo kabla hajaambiwa.

Kikao cha kwanza kabisa sasa nakifungua kwa kugonga meza. Kila mmoja anachagua wimbo unaojulikana na wote, anaugonga kwa vidole bila kuimba, na wenzake wanabahatisha ni wimbo gani. Jaribio hilo ni la Elizabeth Newton, aliyelifanya Stanford mwaka 1990: wagongaji walitarajia nusu ya nyimbo zitambuliwe, lakini kati ya nyimbo 120 zilitambuliwa 3 tu. Anayegonga anausikia wimbo mzima kichwani, mwenzake anasikia ko-ko-ko. Mtu aliyekaa na mada moja miaka minne yuko katika hali hiyohiyo. Nikishawagongesha meza, sihitaji tena kuwahubiria kuhusu istilahi ngumu. Wenyewe huanza kuulizana, "Hapo hukutugongea meza kweli?"

Kutoa maoni ndiko kulikonisumbua zaidi. Kijana mmoja nilimpa mambo tisa ya kurekebisha, yote ya kweli, akarudi mbele akiwa ameduwaa, hajui aanze na lipi. Tangu siku hiyo tuna utaratibu. Kwanza wasikilizaji wanasema walichoelewa, si walichokiona kizuri au kibaya: "Mimi nimeelewa kwamba..." Mzungumzaji anasikiliza tu, hajitetei. Mara nyingi anagundua hapohapo kwamba jambo alilolihesabu kuwa kiini cha somo halikumfikia mtu. Kisha anachagua jambo moja la kubadilisha, moja tu, ndipo anarudia.

Dada mmoja wa uzamivu anatafiti kuvu wanaoishi kwenye mizizi ya mimea. Mara ya kwanza alianza na fasili ndefu, na kufikia dakika ya pili macho ya wenzake yalikuwa mezani. Mara ya pili alisimama kimya kidogo, akasema: "Mmea una njaa ya fosforasi. Fosforasi imo udongoni, lakini haisogei kirahisi, na mzizi hauwezi kuhama. Nani atakwenda kuileta?" Swali zuri kuliko yote niliyoyasikia muhula ule, ila alilijibu mwenyewe papo hapo. Tulipopima kwenye rekodi, aliwapa wenzake chini ya sekunde moja. Nikamweleza kuwa mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe aliliona jambo hilo kwa walimu wengi miaka ya 1970: husubiri kama sekunde moja hivi, ilhali wakifikisha tatu majibu ya wanafunzi hurefuka na wanaojitokeza huongezeka. Akaniambia, "Mwalimu, sekunde tatu za ukimya mbele za watu ni mwaka mzima."

Wiki mbili baadaye nilikuwa nyuma ya semina yake. Aliuliza swali lile, na nikamwona mkono wa kulia umeshuka ubavuni, anabonyeza paja kwa kidole kimoja, cha pili, cha tatu. Kikapita na cha nne. Kijana wa dirishani akasema bila uhakika, "Labda kuna kitu kingine kinachouongezea mmea mizizi?" Sikujizuia kutabasamu.

Kwa wenye woga mkubwa ninachowaambia ni kifupi: fika mapema, zungumza na wanaoingia, sentensi ya kwanza ijue kwa moyo. Hotuba nzima usiikariri, maana neno moja likipotea linaondoka na mengine yote.

Mwisho wa muhula tunafanya kikao cha wazi kwa kanuni za shindano la tasnifu kwa dakika tatu, lililoanzia Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008: dakika tatu, slaidi moja isiyo na mwendo, hakuna vifaa vingine. Tunaalika watu wa idara nyingine. Wapo walionishauri nianze nalo, kwa kuwa linavutia. Sikukubali. Linamfunza mtu kuongea vizuri, lakini halimpi nafasi ya kuuliza na kungoja, na darasani hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Muhula huu nina makundi matatu. Hakuna linalozidi watu sita, kwa sababu masomo mawili ya dakika tano na dakika kumi za maoni kwa kila mtu tayari ni saa mbili. Mawili kati yao yanaongozwa na waliopita kwangu mwaka jana. Lile la dada wa kuvu linakutana asubuhi, na wiki iliyopita nilimkuta anamwekea mgeni simu kwenye stendi huku akimwambia, "Tukimaliza tutakuambia tulichoelewa. Wewe sikiliza kwanza, halafu unarudia."