Kufungua mlango

Ni saa tisa na nusu usiku. Nimetoka shifti saa tano, nimekunywa chai vikombe viwili na usingizi haujanipitia hata mlangoni. Kinachonikesha ni kitu kidogo mno, hata kukiandika naona haya.

Mahafali ya Kipa, mwanangu, yalikuwa Jumamosi, yakapita salama, na matokeo ya mtihani wangu wa leseni ya uuguzi yametoka, nimepita, asanteni nyote mlioomba pamoja nami. Hayo ya siku nyingine.

Jumapili tuliita watu nyumbani. Nusu ya Wakenya wa Lowell, huku kwetu Massachusetts, Marekani, walikuja, nusu nyingine wakapiga simu kuuliza kama chakula kimebaki. Nilikuwa mezani nikipakua pilau, Anti akaniuliza, kwa ile sauti yake ya kuongoza maombi:

"Sasa huyu kijana, miaka minne yote ya hoki ya barafu, alicheza mechi ngapi?"

Nikasema moja.

"Moja! Na zile zingine?"

Nikamweleza kwamba alikuwa kipa wa tatu. Anakaa mwisho wa benchi, anawafungulia wenzake mlango wakiingia na kutoka.

"Kwa hivyo alienda chuo kufungua mlango?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka kwa nguvu kuliko wote, kile kicheko cha kuwaonyesha watu kwamba hujakasirika. Kugeuka, Kipa yuko nyuma yangu na sahani mkononi, anangoja pilau. Akamjibu kwa adabu zake zote:

"Ndiyo, Anti. Na haukukwama hata siku moja."

Akachukua chapati mbili, akaenda kukaa na babake.

Tangu siku hiyo nalirudia hilo jibu. Nikitandika vitanda vya wazee kazini, nalirudia. Nalisema kwa utani: ndiyo, Anti. Nalisema kwa uchungu: ndiyo, Anti. Yote mawili yanakubali. Nimemuuliza babake yeye alisikiaje, akaniambia alisikia mtoto akijibu swali. Wanaume hawa.

Wa zamani hapa mnajua ilivyoanza. 2013 Connor Hellebuyck alikuwa langoni kwa UMass Lowell, timu ya hoki ya chuo kikuu cha hapa, akiwa mwaka wake wa kwanza, na mji ulipagawa. Mwenzangu wa kazini alinipa tiketi mbili za Tsongas Center, uwanja wao, nikampeleka Kipa, miaka tisa, nikakaa nimejifunga leso juu ya koti nikijiuliza nani hulipa pesa ili ahisi baridi. Aprili timu ikafika nusu fainali ya taifa, Pittsburgh. Chuo cha Yale wakapiga mikwaju 47, Hellebuyck akapangua 44, na bado tukafungwa 3-2 muda wa nyongeza. Mtoto alilia mpaka akatapika uji. Wiki iliyofuata akataka kucheza. Nilipoona bei ya viatu vya kutelezea, gongo, kofia na makoti yale ya kujikinga, nikamwambia ajaribu kwaya. Lakini klabu ya watoto ilikuwa na utaratibu wake: wengine wote wajinunulie, kipa aazimwe kila kitu, kwa sababu hawapati wazazi wanaotaka mwanao asimame mbele ya kisahani cha mpira mgumu ambacho hata hugandishwa kwanza kisidunde. Kusema kweli kipaji cha mwanangu kiligunduliwa na umaskini wangu.

Hellebuyck alikaa misimu miwili, 2014 akawa wa kwanza kupewa tuzo ya Mike Richter ya kipa bora wa vyuo, kisha akaenda timu ya Winnipeg, ligi ya NHL, na 2025 akachukua tuzo ya Hart, ya mchezaji bora wa ligi nzima. Wangu alipata chuo kidogo, bila ufadhili, nyuma ya makipa wawili wenye afya ya punda.

Sasa Jumanne. Kipa alikuwa jikoni akitafuta chakula, vifaa vyake viko nje kwenye veranda vikipunga hewa (harufu yake nimeshaiandika hapa, sirudii). Nikamuuliza kama mtu anayeuliza tu, eti huo mlango hufunguliwaje. Nilidhani atanijibu kwa neno moja. Akashika mlango wa friji.

"Usiangalie mlango, Mama. Mkono uko kwenye komeo, macho yako barafuni." Akasimama hivyo, kanipa mgongo nusu, anatazama dirishani kana kwamba kuna watu wanateleza kule kwa jirani. Kila sekunde arobaini, hamsini hivi, kuna anayetaka kutoka. Usimwangalie uso, uso hudanganya. Mwangalie magoti. Kipindi cha pili timu zimebadilishana upande, kwa hiyo mabeki wanarudi kutoka mbali, wamekufa, na mlango unatakiwa uwe wazi kabla hawajafika. Ukichelewa, wa kutoka amekwama na wa kuingia keshaingia, mmezidi idadi, dakika mbili mnacheza pungufu. "Kuna mmoja nilijua ameumia bega kabla daktari hajajua. Alianza kushika ukingo kwa mkono wa kushoto."

Akafungua friji, akafunga. Akafungua, akafunga. Taa ya ndani inawaka na kuzima usoni mwake, na nikaona mtoto wa miaka tisa wa Tsongas Center.

Halafu ile mechi yake moja: dakika nne za mwisho, wanaongoza kwa mabao sita, mikwaju miwili, akapangua yote. "Asilimia 100, Mama. Hellebuyck alitoka Lowell na 94.6." Tulicheka hadi babake akagonga ukuta.

Nikaona hapo ndipo pa kuuliza. "Anti alikuumiza?"

"Anti? Hapana."

Nikangoja. Nilijua kuna mwingine aliyecheka, na yeye anajua ninajua. Akainama ndani ya friji akakaa humo kwa muda, akauliza kama maziwa yameisha.

Yalikuwa hayajaisha. Yalikuwa mbele yake.

Simu ya Cucu, nyanya yetu kule Kenya, haipatikani tangu juzi. Jirani yake anasema ni stima, transfoma ya pale sokoni imekufa, lakini duka la kinyozi lina sola na siku zote huchajia pale. Ng'ombe naye alikuwa karibu kuzaa. Kule sasa ni saa nne na nusu asubuhi, kwa kawaida angekuwa ameshanipigia mara mbili.