Sikwensa mbili na treni ya jioni

Ilikuwa 2019, Kigoma bado haijaungwa gridi ya taifa, umeme wetu ni wa majenereta ya dizeli na kukatika ilikuwa kawaida tu, na mimi kichwa ngumu nikaenda kupiga kwenye send-off Ujiji na laptopu ambayo betri yake ilishakufa zamani. Umeme ukakata bibi harusi yuko katikati anaingia. Jenereta la ukumbini likawashwa fasta, spika zikarudi, kinanda kikarudi, ila laptopu ndo kwanza inaanza kuwaka, kiduara kinazunguka tu pale kwenye skrini, na mashangazi wameshika vitenge wananiangalia. Mmoja akapaza sauti, "We baba kinanda, umelala?" Ukumbi mzima kicheko. Toka siku ile nikasema laptopu jukwaani basi.

Binamu yangu wa Dar nikampigia, nikamwambia nataka sikwensa ishike kazi ya laptopu, kile kidude kinachotuma midi, yaani amri ambazo vyombo vya muziki vinapeana kwa waya, hakina haja ya kuwa na sauti yake, kazi yake ni kuviambia vinanda piga noti hii, nyamaza, piga ile. Sauti ninazo: PSR, kinanda cha zamani cha Yamaha, na Korg volca Bass, kimashine cha besi. Akapata viwili kwa jamaa yake, Korg SQ-1 na Arturia BeatStep Pro, masharti ni kwamba nichague kimoja nilipe na kingine arudi nacho. Akaja kwa treni, siku mbili njiani, na siku ya kurudi ikafika mi bado sijajaribu chochote kwa sababu tulikuwa tunazurura Kibirizi tunakula migebuka. Treni jioni. Saa nne asubuhi ndo tunaingia kwa fundi redio pale Mwanga, sabufa zimefunguliwa kila kona na mama wa jirani anakaanga kwa mawese, moshi wote unaingia kwetu.

Tukaanza na SQ-1. Aisee kile kidude nilikipenda. Kidogo, bodi ya chuma, vitufe vya kuzungusha viko safu mbili za nane nane, na kinakula betri mbili tu ndogo zile za rimoti, nikanunua dukani hapo hapo. Nikachomeka kwenye volca, besi ikaanza kutembea. Binamu akasema, "Chukua hiki bro, umeme ukate usikate unapiga." Ni kweli. Shida ni kwamba stepu, yaani nafasi za kuweka noti, zote ni kumi na sita, hiyo kwa mwendo ninaopiga mimi ni baa moja ya muziki, ukihesabu moja mpaka nne imeisha, na sisi huku tumekulia sebene, mtu wa Kigoma ukimzungushia baa moja dakika tano anakaa chini anaomba soda. BeatStep Pro ina sikwensa mbili za melodi, kila moja inafika stepu 64, na ya tatu ya ngoma. Baa nne. Hapo gitaa la sebene linaingia na linapata nafasi ya kujibu. Halafu inakula umeme wa USB, maana yake pawabenki inatosha.

Basi tukaichomeka. Taa zinawaka, zinakimbia vizuri, ila PSR kimya. Nikabadili chaneli, nikabadili kebo, nikazima nikawasha, kimya. Tundu la midi la BeatStep Pro si lile la pini tano, ni la jeki ndogo kama ya hedifoni, unaweka adapta, na adapta yake halisi jamaa wa Dar alikuwa ameipoteza akatupatia nyingine ya kifaa cha Korg. Saa nane hiyo. Binamu ameshaanza kuangalia simu.

Fundi alikuwa hajui midi ni nini, alikuwa anatusikiliza tu huku anachomelea redio ya mtu. Akaiomba ile adapta, akapima kwa mita yake, akauliza, "Humu zinatumika waya ngapi?" Nikamwambia mbili za kazi, pini ya nne na ya tano, na moja ya ardhi. Akasema, "Sasa kama huyu kaziweka hivi na yule kaziweka vile?" Akafungua, akachomoa zile mbili, akazigeuza, akazishika kwa risasi bila hata kuzifunika vizuri. Tukachomeka. PSR ikapiga! Binamu aliruka akagonga sabufa. Baadae sana ndo nikaja kusoma kwamba kweli makampuni yalikuwa yanaunga jeki hizo kwa mitindo miwili, A na B, Korg wako A na Arturia kwenye hiyo mashine wako B, na kuanzia 2018 ndo wakakubaliana ya A iwe ndo sahihi. Fundi alidai elfu mbili. Nikampa tano.

Nikalipa BeatStep Pro, SQ-1 ikarudi kwenye begi, tukakimbia stesheni na bodaboda mbili. Kesho yake binamu akanipigia yuko Tabora, anasema bro asante kwa betri, maana mimi nilizisahau mle kwenye SQ-1 na yeye kaziweka kwenye tochi, behewani usiku kulikuwa giza.