Siku moja maishani mwangu: bustani ya Leeds, baridi ikianza kuaga

Saa kumi na mbili asubuhi nimefungua pazia la jikoni. Nje bado giza, ila si giza lile la Desemba. Mwezi huo hapa Leeds, Uingereza, jua huchomoza saa mbili na dakika ishirini na kuzama kabla ya saa kumi jioni, mtu unakwenda kazini gizani na kurudi gizani. Leo ni Jumanne ya mwisho ya Februari: jua litatoka saa moja hivi na kuzama saa kumi na moja na nusu. Urefu wa mchana umeshavuka saa kumi, na mimea imehisi. Vitunguu saumu nilivyopanda Oktoba vilisimama tangu Krismasi kama vimechorwa ukutani. Wiki hii kila kimoja kimeongeza jani.

Saa moja na robo niko nje na buti. Bustani yenyewe ni kipande kidogo nyuma ya nyumba, hatua kumi na nne kwa nane. Nyasi zimeshikwa na sakitu, ule umande ulioganda, zinalia ukizikanyaga. Kabla ya kugusa chochote naenda kwenye kipimajoto nilichokichomeka kwenye tuta la kati. Nyuzi 4.

Mimi ni mtoto wa Lushoto, Tanzania. Kule anayetoa amri ni mvua: masika ikishika, unatia mbegu, basi, kwa sababu ardhi haipoi kiasi cha kukataa mbegu. Mwaka wangu wa kwanza hapa jua liliwaka siku tatu mfululizo mwezi wa pili, nikadhani ndiyo hiyo. Nikapanda njegere mistari minne. Baada ya wiki tano nikafukua nijue kulikoni, nikakuta mbegu zimeoza, laini kama uji. Niliumia sana, maana nilikuwa nimeshaionja ile njegere kichwani. Kumbe jua la Februari linapasha uso wako tu, chini ardhi bado imelala. Njegere zinataka udongo ufike nyuzi 7 hivi na ubaki hapo. Na hata zikiota, sakitu inaweza kurudi mpaka Mei. Tangu siku hiyo siulizi anga, nauliza udongo.

Nauliza kwa mkono pia. Udongo wetu ni mfinyanzi mzito. Nimechukua konzi moja nikaikamua, ikabaki donge linalong'aa, maji yakapita vidoleni. Ukiukanyaga ukiwa hivi unaugeuza tofali, na mizizi italipia mpaka Julai. Kwa hiyo nimelaza ubao, nikasimama juu yake kung'oa magugu, na kindege chenye kifua chekundu kikatua hatua mbili tu kutoka mkononi mwangu kikisubiri minyoo. Kila mwaka kinakuja, sijui kama ndicho kilekile. Napenda kuamini ni kilekile.

Saa tatu, mtufaha. Hii ndiyo kazi ya msimu huu ninayoipenda kuliko zote. Mti hauna jani hata moja, mifupa yake yote iko wazi, unaona tawi lipi linasuguana na lenzake na lipi linaelekea ndani kuziba hewa. Nimeanza na yaliyokufa, nikafuata yanayosuguana, kisha nikarudi nyuma nikatazama kwa muda. Kupogolea kunataka kutazama kuliko kukata. Kila jeraha nimelipitisha juu kidogo ya chipukizi linalotazama nje. Mplamu ulio pembeni sikuugusa, ingawa umechafuka zaidi. Mplamu ukiukata wakati wa baridi unaufungulia mlango ukungu unaofanya majani yawe na rangi ya fedha na kuua matawi. Huo nitauhudumia kiangazi.

Saa tano simu ikaita. Lushoto ilikuwa saa nane mchana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Bado kuna barafu huko?"

Nikamgeuzia kamera aone mbegu za viazi nilizozipanga kwenye trei za mayai pale dirishani.

"Hayo ndiyo macho ninayoyataka, mafupi na manene. Ungeweka gizani yangekuwa marefu kama nyuzi." Yeye huzitandaza kwenye kichanja penye mwanga hafifu, na ni yeye aliyenifundisha nikiwa na miaka saba. Shamba lake limeshalimwa, halina kitu. "Wewe unangoja joto, mimi nangoja mvua," akasema, kisha salio likaisha.

Saa sita nimetia mbegu za pilipili kwenye vikopo juu ya hita, kwa sababu hizo bila joto la nyuzi 20 hazitoki. Nikachuma sukuma wiki kwa ajili ya ugali. Msimu huu majani yake yana utamu ambao ya kiangazi hayana, baridi hufanya mmea ugeuze wanga kuwa sukari ili usigande.

Saa nane mpaka saa tatu usiku niko kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Yupo mzee mmoja ambaye huniuliza habari za bustani kabla hata sijavua koti. Amekulia eneo la Wakefield, kwenye mabanda ya rubabu, ule mmea wa mabua mekundu machachu ambao majani yake ni sumu. Leo amenieleza tena: mizizi hukaa shambani miaka miwili bila kuvunwa, ikishapigwa na sakitu inahamishiwa bandani penye joto na giza totoro, nayo inatoa mabua kwa akiba yake yenyewe. Wavunaji hufanya kazi kwa mshumaa ili mwanga usiharibu ulaini wa mabua. Ukinyamaza, anasema, unayasikia yakikua: machipukizi yakipasua ngozi yanatoa mlio mdogo, pap. Alipofika hapo akafumba macho, nami nikaacha kukunja mashuka.

Saa tatu na dakika arobaini nimeshuka kwenye basi na kwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Tangu Januari nimeifunika rubabu yangu kwa ndoo nyeusi. Nimepiga goti, nikainua ukingo bila kuwasha tochi, nikaingiza mkono. Vichwa vitatu, baridi, mviringo. Kimoja kimeshapasua ngozi. Nikaishusha ndoo taratibu, nikakaa pale kidogo nikisikiliza.

Kipimajoto kinasema 5. Njegere bado ziko kwenye bahasha juu ya friji.