Kigelegele ni Kazi ya Pumzi na Ulimi

Msimu wa kutoa wali, yaani wasichana waliokuwa unyagoni, ukifika, Newala au Nachingwea, kusini mwa Tanzania, kuna mabinti wanaokauka koo kabla ya adhuhuri. Wanapiga kelele wakidhani ni vigelegele.

Vuta pumzi mpaka tumboni, mabega yasipande. Fungua mdomo kiasi, kisha toa sauti nyembamba, ile ya juu kabisa unayoifikia bila kukaza shingo. Sauti ikishasimama ndipo ulimi uanze: ncha yake ipige upesi kushoto na kulia, kati ya pembe mbili za mdomo. Wako wanaoupeleka juu na chini, ukigusa nyuma ya meno. Ni sawa pia. Taya litulie. Kiganja kinawekwa juu ya mdomo kwa adabu, ulimi usionekane, lakini kisizibe.

Ukiutanguliza ulimi kabla ya sauti, utasikika lalala ya mtoto. Sauti nzito ya kifuani nayo humezwa na ngoma. Nyembamba ndiyo hupita juu yake. Mdomo mkavu hunatisha ulimi, kwa hiyo maji yawe karibu, na korosho za kukaanga zingoje. Chenga zake zikiingia kooni ni kikohozi mbele ya wageni.

Pumzi moja ikate mapema. Sauti ndefu isiyokatwakatwa ni ukunga, yaani yowe la kuomba msaada, na majirani watakuja na mapanga wakijua kuna mwizi au moto.

Waingereza huita mlio huu ululation, neno lililotoka kwa Kilatini, ululare. Warumi walilitumia kwa mbwa mwitu, na kwa wanawake pia, wawe msibani au kwenye furaha. Asili yake ni kuigiza mlio wenyewe. Bundi naye waliita ulula. Kwetu kigelegele ni cha furaha, na anayekipiga msibani atatazamwa vibaya.

Mkiwa wengi, msianze pamoja. Mmoja aanze, wa pili apokee pumzi ya kwanza inapopungua, hivyo hivyo mpaka mwali apite. Na nyakanga, mkuu wa unyago, akifungua kinywa kumtaja mwali kwa jina lake jipya, kimya kabisa. Vigelegele vinafuata jina likishasikika. Siku hizi vipaza sauti vinawafanya watu wapige ovyo juu ya maneno yake, na jina lenyewe linapotea.